Hata Mkimbiaji Hupata Presha

Vijijini kwetu watu wengi husema presha ni ugonjwa wa wakubwa. Husema ni ugonjwa wa mtu mnene, anayekaa ofisini, anayepanda gari na kula nyama kila jioni. Mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri, presha itampatia wapi? Na mkimbiaji je? Huyo ndiye kabisa hawamfikirii.

Leo tutazungumza habari za mkimbiaji huyo.

Tuseme ni wewe. Tuseme mwaka 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, wewe ulikuwa mtoto wa miaka 8. Uliwasikia wakubwa wakizungumza habari hizo, nawe ukaanza kukimbia. Ulikimbia kwenda shule na kurudi. Ulikimbilia wilaya yako, kisha mkoa wako. Ulipooa hukuacha. Mpaka leo unaamka saa 11 alfajiri na kukimbia kilomita 10 kabla ya kwenda shamba. Huvuti sigara. Tumbo huna. Vijana wa miaka 20 wakitaka kukupita mlimani hutoka jasho kwanza.

Siku moja unakwenda zahanati kwa ajili ya kidonda cha mguu. Mwuguzi anakufunga mkanda mkononi, anaujaza upepo, anasoma. Anaandika 168 kwa 98. Anakutazama. Anapima tena, anaandika 164 kwa 96. Anasema, "Mzee, presha yako iko juu."

Unacheka. Unamwambia mashine yake imeharibika. Lakini ukiwa njiani kurudi nyumbani hucheki tena. Unajiuliza: miaka yote hii nimekimbia bure?

Hukukimbia bure. Na huenda mwuguzi naye hakukosea. Hebu tuone jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Presha ni nini?

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu ndani ya mishipa ili ifike kichwani, kwenye figo, miguuni na kila mahali. Damu inaposukumwa hubana kuta za mishipa, kama maji yanavyobana mpira wa kumwagilia bustani. Kule kubana ndiko tunakoita presha, au shinikizo la damu.

Presha huandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikamua. Namba ya chini ni nguvu ya damu wakati moyo unapopumzika kabla ya kujikamua tena. Presha nzuri ya mtu mzima ni kama 120 kwa 80, au chini kidogo ya hapo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku mbalimbali, mtu huyo ana ugonjwa wa presha. Namba moja tu ikipita mpaka wake yatosha. Si lazima zipite zote mbili.

Hapa wakimbiaji wengi hukosea. Mkimbiaji hujipima mapigo ya moyo kwa kidole, akakuta yanapiga mara 50 tu kwa dakika, wakati ya wenzake yanapiga mara 70 au 80. Basi husema, "Moyo wangu umetulia, presha sina." Mapigo ni jambo moja na presha ni jambo jingine. Moyo waweza kupiga polepole kabisa na presha ikawa juu. Kidole hakiwezi kukuambia presha. Kichwa kuuma au kutouma hakuwezi kukuambia pia. Watu wengi wenye presha hawasikii kitu chochote. Wanajua siku wanayoanguka na kupooza upande mmoja.

Mbio hushusha, lakini hazifuti

Ni kweli kwamba mazoezi hushusha presha. Unapokimbia, namba ya juu hupanda sana kwa muda, kwa sababu miguu inadai damu nyingi. Ukimaliza, presha hushuka, na mara nyingi hukaa chini kwa saa kadhaa. Ukifanya mazoezi wiki hata wiki, mishipa hulainika. Mtu mwenye presha akifanya mazoezi kila mara, namba yake ya juu hushuka kwa wastani wa 5 mpaka 8.

Sasa piga hesabu. Tuseme baba yako alikuwa na presha na mama yako alikufa kwa kiharusi. Wewe umezaliwa na mwili ambao, ukifika miaka 60, ungekuwa na presha ya 172. Mbio zimekupunguzia 8. Zimebaki 164. Mbio zimefanya kazi yake, lakini 164 bado ni nyingi. Na laiti usingekimbia, huenda ungeugua ukiwa na miaka 45. Ndiyo maana tumesema hukukimbia bure.

Kuna jambo jingine, nalo ni umri. Mishipa ya damu ikizeeka hukakamaa, kama mpira wa baiskeli uliokaa juani miaka mingi. Haitanuki vizuri damu inapopita, na namba ya juu hupanda. Mbio huchelewesha jambo hili, lakini hakuna mbio zinazoushinda uzee.

Mfano wa karibu tunao. Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wataalamu waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Karibu watu 7 katika kila 10 walikuwa na presha, na wengi wao hawakuwa wanajua. Hawa ni watu wa milimani. Wamepanda na kushuka na mizigo ya majani ya ng'ombe maisha yao yote. Anayesema presha ni ugonjwa wa watu wa ofisini na aende akawaulize.

Kwanza, hakikisha vipimo

Kabla hujakubali kwamba una presha, hakikisha umepimwa vizuri. Wewe umefika zahanati kwa kukimbia, au kwa baiskeli, au umepanda kilima juani. Ukipimwa papo hapo, namba haitakuwa ya kweli. Tulia kwanza nusu saa baada ya safari. Usinywe kahawa wala chai nzito wakati huo. Kojoa, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5 bila kuongea. Nyayo zikanyage chini, miguu isipishane. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo.

Mkanda nao uwe wa kukutosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene wa mtu wa kazi huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Omba upimwe mikono yote miwili siku ya kwanza. Ukiona mkono mmoja una namba kubwa kuliko mwingine, basi siku zote upimwe mkono huo.

Wako pia watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mganga. Wakiwa nyumbani ni ya kawaida. Kama mtoto wako wa mjini amekuletea mashine ya kupimia, ile ya kufunga juu ya kiwiko, itumie. Jipime asubuhi na jioni kwa siku 7, na uandike namba zote kwenye daftari. Usichague zile zinazokupendeza. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85.

Tuseme umefanya hayo yote na bado namba ziko juu. Basi presha unayo.

Imetoka wapi?

Katika watu wazima wengi wenye presha, zaidi ya 9 katika kila 10, hakuna chanzo kimoja kinachoonekana. Ni urithi, umri, chakula na mambo mengine yaliyochanganyika. Waganga huita presha isiyo na chanzo maalumu. Lakini mtu kama wewe, mwembamba na mwenye mazoezi, yafaa aulizwe maswali mengi zaidi kabla ya kuambiwa hivyo. Na mara nyingi jibu liko nyumbani kwake mwenyewe.

Tuanze na chumvi. Wakimbiaji wengi huamini kwamba kwa kuwa wanatoka jasho, lazima waongeze chumvi. Wengine huilamba kabla ya kukimbia. Kwa kweli mtu anayekimbia saa moja kwa siku huirudisha chumvi yake kwa chakula cha kawaida tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ni hesabu ya chumvi yote, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula tayari. Dagaa wa chumvi wamo. Ng'onda wamo. Viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi vimo.

Na magadi je? Watu husahau magadi. Unaweza kupunguza chumvi mezani, kumbe maharage yamechemshwa kwa magadi, makande yametiwa magadi, na kisamvu pia. Magadi yana madini yale yale ya chumvi yanayopandisha presha, ingawa ulimi hausikii chumvi sana. Loweka maharage usiku kucha badala ya kutia magadi. Yataiva.

Nguvu ya chakula katika jambo hili ilionekana Kenya. Miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika miezi michache tu tangu kuhama, presha yao ilikuwa imepita ile ya wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi. Hawakuwa wamezeeka kwa miezi ile. Maisha na chakula ndivyo vilivyobadilika.

Jambo la pili ni dawa za maumivu. Hapa ndipo tungependa usome polepole, maana ndipo mkimbiaji mzee anaponaswa. Goti linauma, kiuno kinauma. Unanunua vidonge dukani, diklofenaki au ibuprofeni. Unameza kimoja kabla ya kukimbia na kimoja baadaye. Siku inakuwa wiki, wiki inakuwa mwaka. Dawa hizi huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na huweza kuharibu figo, hasa ukizimeza huku umekaukiwa maji kwa jasho. Hata parasetamoli, ikimezwa nyingi kila siku kwa muda mrefu, huweza kupandisha presha. Ukiulizwa zahanati kama unatumia dawa yoyote, usijibu "hapana" kwa sababu eti ni ya kiuno tu. Taja zote. Taja na prednisoloni, na dawa za kufungua pua, na mizizi unayochemsha ya kuongeza nguvu. Mama anayekimbia ataje vidonge vya uzazi wa mpango kama anatumia.

Pombe hatutaieleza sana, kila mtu anaijua yake. Inatosha kusema kwamba pombe nyingi hupandisha presha ya mkimbiaji sawasawa na ya asiyekimbia, na mbio za asubuhi haziiondoi.

Figo nazo zitazamwe. Figo ndizo zinazopima maji na chumvi mwilini. Zikiugua, presha hupanda, na presha ikipanda huziumiza zaidi. Mtu aliyeogelea kwenye mabwawa yenye kichocho akiwa mtoto na kukojoa damu bila kutibiwa, huweza kupata makovu kwenye njia za mkojo na baadaye figo zikaharibika. Ukiona uso umevimba asubuhi, au mkojo una povu jingi lisilokwisha, sema. Kipimo cha mkojo ni rahisi na cha haraka. Omba upimwe.

Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo. Wakati mwingine kitezi hicho huzidisha kazi yake, mwili ukakataa kuachia chumvi na kupoteza madini mengine ambayo misuli inayahitaji. Miguu huwa mizito, misuli hukakamaa, mtu huamka mara nyingi usiku kukojoa. Mkimbiaji husema, "Nimechoka tu kwa mazoezi." Kuna ugonjwa mwingine wa vitezi hivyo, nao ni wa nadra, ambao humletea mtu vipindi vya kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na jasho jingi akiwa amekaa tu. Haya hupimwa hospitali kubwa.

Muulize mwenzako wa nyumbani kama unakoroma. Muulize hasa kama pumzi hukatika usingizini kisha ukashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hilo nalo hupandisha presha, na haliwapati wanene peke yao.

Na kama si wewe mzee mwenye presha, bali ni kijana wako wa miaka 20 anayeshinda mbio za shule, hapo usikubali kuambiwa hakuna chanzo mpaka atafutiwe. Wako vijana waliozaliwa na mshipa mkubwa wa damu uliobanwa mahali fulani. Presha ya mikononi huwa juu na ya miguuni huwa chini. Mganga akigusa mapigo ya mkono na ya kinena kwa pamoja huweza kutambua.

Je, niache kukimbia?

Swali hili ndilo linalowafanya wakimbiaji wafiche presha yao. Wanaogopa kuambiwa wakae chini. Jibu ni kwamba wengi hawaambiwi hivyo. Ukiacha kukimbia, zile namba 8 ulizokuwa umepunguza zitarudi.

Lakini kuna wakati wa kusimama. Kama presha ni 180 kwa 110 au zaidi, usikimbie kwa nguvu mpaka dawa iishushe. Tembea tu. Kama kifua kinabana unapokimbia, au pumzi inakatika kuliko zamani, au umeanguka na kuzimia, simama, na usianze tena mpaka upimwe moyo. Moyo wa mkimbiaji hupanuka kwa mazoezi, na moyo wa mwenye presha hunenepa kuta kwa kusukuma mzigo mzito. Kwa nje huwezi kutofautisha. Kipimo cha umeme wa moyo na cha picha, vinavyopatikana hospitali kubwa, humsaidia daktari kuona ni upi.

Dawa utapewa, na huenda ukazitumia maisha yako yote. Mwambie mganga mapema kwamba wewe ni mkimbiaji. Ziko dawa, kama propranololi na atenololi, ambazo hupunguza kasi ya moyo. Ukizitumia utahisi miguu mizito mlimani. Ziko za kukojoza, ambazo zaweza kukukausha maji ukikimbia juani. Ziko nyingine zisizosumbua mbio sana. Mganga akijua, atachagua. Na kama bado unashiriki mashindano makubwa, uliza kama dawa yako inaruhusiwa, kwa maana zile za kukojoza zimekatazwa katika michezo.

Kosa kubwa ni la mtu aliyepewa dawa, akapima baada ya mwezi akakuta 128 kwa 80, akasema amepona, akaacha. Ile 128 imeletwa na dawa. Ukiacha, itapanda tena, nawe hutasikia ikipanda.

Sikilizeni na ninyi mlioko nyumbani naye. Presha ikifika 180 kwa 120 au kuipita, na pamoja nayo mtu akaumwa sana kichwa, au kifua kikabana, au macho yakaona giza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu au maneno yakigongana, msingoje kupima presha. Msimlaze eti apumzike kwa sababu ni mtu wa mazoezi. Tafuteni usafiri.

Siku ya kurudi kliniki, chukua daftari lenye namba ulizoandika. Chukua na mfuko wenye kila kidonge kilichomo nyumbani kwako, hata kile kilichobaki cha mwaka jana, na ile chupa ya mizizi. Mwagia vyote mezani mbele ya mganga, avitazame kimoja kimoja.